Mnyama Akifa Ghafla, Swali Lisizikwe Naye

Tunaposema kwamba mnyama amekufa "kifo cha ghafla", hatujautaja ugonjwa. Tumetaja kutojua kwetu tu. Nikiwa mwanaisimu, naona kwamba huku Ukambani, kuanzia Sultan Hamud hadi Kitui, maneno yetu aghalabu huufunga uchunguzi kabla haujaanza. Husemwa ni laana, au ni mkono wa mtu. Mzoga huzikwa au, vibaya zaidi, huliwa, na swali likaishia hapo.

Tulinganishe na yaliyotokea Uingereza mwaka 1960, ambapo bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Wachunguzi waliyaita maradhi hayo "ugonjwa X", jina linalokiri kwamba kiini hakijajulikana. Kwa kuwa swali lilibaki wazi, walilifuata hadi kwenye chakula cha ndege hao, kilichotengenezwa kwa karanga zenye kuvu. Ndivyo ulimwengu ulivyoitambua aflatoksini, ambayo kwa Kiswahili tunaiita sumukuvu.

Huenda msomaji akauliza, bata wa Uingereza wanatuhusu nini? Wanatuhusu sana. Mwaka 1981, katika Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, njiwa walikufa, kisha mbwa, kisha watu. Wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa maradhi ya ini, 12 wakafariki. Mahindi ya nyumba zilizoathiriwa yalikutwa na sumukuvu nyingi mno. Mwaka 2004 balaa hilo lilirudi, Makueni na Kitui zikiumia kuliko kwingineko: watu 317 waliugua na 125 wakafa.

Njiwa na mbwa wale walikula chakula kilekile cha binadamu. Walikuwa mashahidi wa kwanza, lakini nani aliyewahoji?

Najua daktari wa mifugo yuko mbali, na mfugaji maskini huona uchungu kuufukia mzoga ambao ungekuwa kitoweo. Ndiyo maana mzigo huu haufai kuachiwa mfugaji peke yake. Serikali za kaunti ziwafikishe maofisa wa mifugo vijijini, na sampuli za mzoga na za chakula zipimwe bila mfugaji kutozwa ada.

Nanyi walimu, mna kazi yenu. Wafundisheni wanafunzi kwamba mahindi yenye kuvu hayatakaswi kwa kuchemshwa, na kwamba kumtupia ng'ombe mahindi hayo si kuepukana nayo, kwani sumu hurudi nyumbani katika maziwa. Wafundisheni pia kuuliza: mnyama huyu alikula nini, lini, na wangapi wengine wamekula?

Jamii inayojua kuuliza kuhusu kifo cha njiwa haitangoja kifo cha mtoto ndipo ianze kuchunguza ghala lake.