Magari Yanayotuonya kwa Kijapani

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA),
Nairobi.

KUH: MITAMBO YA USALAMA NA MADEREVA WAZEE

Mkurugenzi Mkuu,

Nakuandikia kutoka Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha. Huku, jua likizama matatu za mjini huadimika, na bodaboda haifai goti lenye baridi yabisi. Kwa hivyo sisi tuliovuka miaka sabini bado tunashika usukani. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini si kuona vyema usiku: taa za lori linalokuja hutupofusha kwa muda mrefu kuliko zamani, shingo haigeuki ipasavyo, na mguu huchelewa kufika kwenye breki.

Sehemu ya msaada tunaouhitaji tayari imo ndani ya magari yetu. Probox na Fielder nyingi za mtumba zinazoingia sasa zina kamera nyuma ya kioo cha mbele. Ukikaribia kugonga gari lililo mbele, hukupigia kelele, na usiposikia hufunga breki zenyewe. Japani ilihimiza mitambo hiyo ikiwafikiria hasa wazee. Tangu Mei 2022, dereva huko anaweza kuomba leseni ya kuendesha gari lenye mitambo hiyo pekee, badala ya kurudisha leseni yake kabisa.

Gari hilohilo likifika Naivasha huendelea kuongea Kijapani. Kila ukiliwasha linakukumbusha kadi ya kulipia barabara za Japani, na mzee aliyezoea kulipuuza hatatambua siku onyo litakapokuwa la kweli. Kioo kikipasuka kwa kokoto, fundi hubandika kingine na kuirudisha kamera kwa kukisia, ilhali inapaswa kupimwa upya. Taa ya manjano ikiwaka kwenye dashibodi, tunaambiwa: “Hiyo si kitu, mzee, endesha tu.”

Wengine nao huamini mitambo kupita kiasi. Kamera inayomwonya dereva anayehama njia husoma mistari iliyochorwa barabarani; ukiacha lami hakuna cha kusoma, na vumbi likitanda kwenye kioo haioni chochote. Tena mtambo uliotengenezwa kutambua magari na watu usitegemewe kumwona punda wa mkokoteni, wala pundamilia anayekatiza barabara usiku.

Magari haya hukaguliwa kabla ya kupakiwa melini, na sheria inakataa yaliyozidi miaka minane. Naomba ukaguzi huo, na ule wenu wa hapa nchini, uguse pia kamera na rada: zinafanya kazi au hazifanyi? Muuzaji alazimike kumpa mnunuzi karatasi ya Kiswahili inayoeleza kila onyo na mipaka yake. Mafundi wa vioo nao wafundishwe kupima kamera upya. Kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilizoanza kutekelezwa 2004, zilipoleta vidhibiti mwendo kwenye matatu, tuliona kwamba kifaa humtii anayekikagua; ukaguzi ulipolegea, vilichezewa.

Najua wapo wanaopendekeza wazee wanyang’anywe leseni kwa kuhesabiwa miaka. Miaka haisemi nani anaona na nani haoni. Tupimeni macho kila tunapohuisha leseni, na anayeshindwa ashuke, hata akiwa mimi. Aliyefaulu apewe gari ambalo maonyo yake anayaelewa.

Wako,
Dereva mzee,
Ndabibi, Kaunti ya Nakuru.