Shura, vyama na shamba la wakfu



Tangu uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 tumekuwa tukiletewa swali moja na watu tofauti, wengine baada ya swala, wengine katika safari ya daladala baina ya Muleba na Bukoba. Swali lenyewe ni hili: je, hakuna namna nyingine ya kuongozana isipokuwa hii ya vyama, ambayo huwaacha ndugu wa tumbo moja wakipishana njiani bila salamu? Wanaouliza hukumbusha kwamba Waislamu tunayo shura, na kwamba babu zetu walikuwa wakikaa na kuzungumza hadi wakakubaliana. Kwa nini basi, wanasema, tusiirudishe hiyo na vyama tukaviweka kando?

Kabla ya kujibu, inatupasa kueleza jambo lililotokea katika msikiti wetu wenyewe, ambalo tulikuwa na sehemu ndani yake, na si sehemu ya kujivunia.

Msikiti wetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Muleba, una shamba la wakfu: kibanja cha migomba na kahawa alichokiacha mzee mmoja aliyekwisha kufariki. Mazao yake husaidia futari ya Ramadhani na chakula cha wasafiri wanaolala msikitini. Kamati ilipotaka kujenga darasa la pili la madrasa, sisi tuliokabidhiwa amana ya ukatibu tulipendekeza kahawa kuukuu na sehemu ya migomba ikatwe ili darasa lipate kiwanja. Wazee wakapinga. Kikao kikarefuka, adhana ya Isha ikakaribia, nasi tukaona njia fupi ni kunyoosha mikono. Kumi na tisa wakakubali, kumi na wanne wakakataa. Tukaandika katika daftari la mihutasari kwamba hoja imepita, tukaswali, tukaenda kulala tukiwa na furaha ya kushinda.

Wiki iliyofuata wale kumi na wanne hawakuleta michango yao. Wawili wakaanza kuswali Ijumaa katika msikiti wa kijiji cha jirani. Badala ya kwenda kuwaona, katika mawaidha mafupi baada ya Alasiri tulitaja kisa cha Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, na namna Abdullah bin Ubayy alivyorudi Madina na watu kiasi cha mia tatu kwa sababu rai yake haikufuatwa. Hatukumtaja mtu. Hakukuwa na haja, kila aliyekuwepo alielewa. Kumlinganisha Mwislamu mwenzako, mzee aliyekufundisha alifu na be, na kiongozi wa wanafiki, kwa ajili ya miche ya kahawa! Tumekwisha kuwaomba radhi mmoja mmoja, na tunaliandika hapa ili lisomwe na wale waliolisikia.

Na lililotuumiza zaidi ni kwamba tulikisoma kisa hicho chuoni na tukakisahau nusu yake. Kabla ya Uhud, Mtume (SAW) alipendelea kubaki ndani ya Madina. Vijana wengi, hasa waliokosa kuwepo Badr, walitaka kutoka. Akafuata rai ya wengi, wakatoka, na yakawapata yaliyowapata. Mtu angetarajia kwamba baada ya msiba ule mlango wa mashauriano ungefungwa. Lakini ni katika mazungumzo ya Uhud, ndani ya Suratu Aal Imran, aya ya 159, ndipo Mtume anapoamrishwa awasamehe, awaombee maghfira na aendelee kushauriana nao. Shura haikuamrishwa kwa sababu huleta ushindi kila mara. Iliamrishwa pamoja na kusameheana, katika aya moja, na sisi tulichukua kuhesabu tukaacha kusameheana.

Tulirudi kikaoni. Safari hii tulikaa jioni tatu, na tukafungua pazia la upande wa akina mama, ambao katika kikao cha kwanza hatukuwauliza kabisa, ijapokuwa wao ndio wanaokata ndizi na kupika futari. Jioni ya pili wazee walitukumbusha hoja ya fikihi ambayo mhitimu wa chuo alipaswa kuijua kabla yao: sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa, na marehemu alisema shamba ni la kulisha. Jioni ya tatu bibi mmoja akasema, “Wanangu, mbona hamkushuka hadi chini ya kibanja? Kule kuna mawe, hakuna mgomba uliowahi kuzaa. Jengeni huko.” Asubuhi tukashuka, tukapima kwa hatua, tukakuta panatosha. Kilichobaki kilikuwa gharama ya kusawazisha, na wa kwanza kuitoa walikuwa miongoni mwa wale kumi na wanne. Walioijua sira walikumbuka Hudaybiyya, ambapo Masahaba walikuwa wamenyong’onyea na ushauri wa Mama Ummu Salama ndio uliowanyanyua.

Kwa hiyo, ndugu muulizaji, sisi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba kuzungumza hadi kukubaliana kunawezekana. Lakini kutoka kibanja hadi dola ni safari ndefu, na nchi yetu imekwisha kuisafiri.

Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu mwaka 1963 kuhusu demokrasia na mfumo wa vyama. Alitumia mfano huohuo unaotumiwa na waulizaji wetu, wa wazee chini ya mti wakizungumza mpaka wapatane, na akasema kwamba vyama vya kushindana vilizaliwa katika jamii zilizogawanyika kwa matabaka, wakati hapa taifa zima lilikuwa ndani ya chama kimoja. Hakuwa anasema bila ushahidi: katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Katiba ya muda ya 1965 ikahalalisha chama kimoja. Katika uchaguzi wa Septemba mwaka huo wagombea wawili wa TANU walisimama katika majimbo mengi, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na watu wakachagua kwelikweli. Paul Bomani, waziri wa fedha, alikiacha kiti chake huko Mwanza kwa kura za wananchi. Vijana wetu wanaodhani kwamba enzi ile hapakuwa na kuchagua kabisa wangewauliza babu zao.

Ila mti ule ulikuwa na kivuli cha namna nyingine pia. Aliyetaka kukataa kwa sauti kubwa alikuwa na sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini juu ya kichwa chake. Rais alikuwa mgombea mmoja, wa kukubaliwa au kukataliwa. Mtu anapoogopa kusema hapana, ndiyo yake haina uzito, na mkutano ulionyamaza haujakubaliana. Mwaka 1991 tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi, na takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, na Mwalimu mwenyewe akaunga mkono mabadiliko. Wengi husimulia jambo hilo kama kichekesho. Sisi tunaliona kuwa ni moja ya nyakati chache ambapo wachache walipewa haki yao bila kwanza kuwa wengi.

Hata hapa kwetu Kagera, tusiyapambe mno ya kale. Ihangiro, Kiziba, Kyamtwara, Karagwe na tawala nyingine zilikuwa na wafalme na mabaraza, na wazee wa ukoo waliamua mashauri kwa subira ambayo leo hatuna. Lakini mtu aliyeishi katika ardhi ya nyarubanja, akimlipa bwana wa ardhi kwa kibanja alichokilima kwa jasho lake, hakukaa katika duara lile. Mfumo ule ulifutwa na serikali ya TANU miaka ya 1960, na haukufutwa kwa mapatano ya barazani. Mwislamu mwenzetu Ali Migeyo, mmoja wa waliosimamisha TAA na kisha TANU katika ukanda huu, alifungwa na wakoloni kwa sababu aliwakusanya watu wa kawaida na kuwasemea. Wakati mwingine asiyeitwa kwenye baraza hana njia ila kuunda chama.

Majirani zetu ng’ambo ya Mutukula nao walijaribu. Kuanzia 1986 Uganda iliendeshwa kwa mfumo wa Vuguvugu: vyama havikupigwa marufuku kuwepo, bali kusimamisha wagombea, na kila mtu aligombea kwa sifa zake. Mwaka 2000 kura ya maoni iliukubali mfumo huo, na mwaka 2005 kura nyingine ikavirudisha vyama. Vuguvugu lililosema si chama likawa chama. Na Bukoba mjini hatujasahau mwaka 2013, Baraza la Madiwani la Manispaa lilipogawanyika, meya upande huu na mbunge upande ule, miradi ya mji ikiwa mdomoni mwa kila mtu, hali wote wawili walikuwa wa chama kimoja. Makundi hayahitaji kadi za rangi tofauti.

Je, ina maana hakuna la kufanya? La hasha. Mfano tunaoupenda zaidi uko Zanzibar. Januari 2001 damu ya raia ilimwagika kwa sababu ya uchaguzi, na wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Miafaka iliandikwa na kuvunjika. Kisha tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif Sharif Hamad wakakaa pamoja, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa. Asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka huo Dkt. Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Tofauti ndogo kama hiyo ingeweza kuchoma mji, lakini Maalim akawa Makamu wa Kwanza wa Rais na watu wakaenda kazini. Wazanzibari hawakuvifuta vyama. Waliandika katika katiba kwamba anayeshindwa hatatupwa nje ya nyumba.

Wala maandishi hayo hayakutosha peke yake. Uchaguzi wa 2015 ulifutwa, CUF ikasusia ule wa marudio wa 2016, na umoja ukavunjika. Ulirudi Desemba 2020, na Maalim Seif akafariki Februari 2021 akiwa tena katika cheo kilekile. Kukubaliana si ukuta unaojengwa mara moja.

Sayyidna Umar (RA) alipokuwa katika majeraha yake ya mwisho, mwaka wa 23, aliwateua Masahaba sita, akawapa siku tatu, na akamwingiza mwanawe Abdullah kikaoni kwa sharti kwamba asiwe na fungu katika uongozi. Abdurrahman bin Awf akajitoa katika kugombea ili apate kuwauliza wengine kwa uadilifu, na wanahistoria wanapokea kwamba alizunguka Madina akiwauliza wakubwa na wadogo, hata wanawake majumbani mwao. Anayesimamia mapatano hakuwa anakitaka kiti. Tupime vikao vyetu kwa kipimo hicho, cha msikiti na cha kijiji.

Hapa ndipo tunapokuwa na lalamiko moja lililo wazi, lisilohitaji kufuta chama chochote. Katika kitongoji chetu yupo mzee ambaye CCM, CHADEMA na wasio na chama wote humpelekea mashauri yao. Hana kadi wala haitaki. Kwa kanuni zilizopo hawezi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji, kwa kuwa lazima adhaminiwe na chama. Suala la mgombea binafsi lilipelekwa mahakamani na marehemu Mchungaji Mtikila tangu miaka ya 1990, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba katazo hilo linakiuka haki za raia. Bado lipo. Kama kweli tunataka viongozi wa makubaliano, tungeanzia kwenye vitongoji, ambako watu wanachota maji katika chemchemi moja na kuzikana katika makaburi yaleyale. Ngazi za juu zinahitaji vyama vyenye nguvu na wapinzani wasioogopa, na pale tungetaka zaidi lile la Zanzibar.

Tumeandikiwa na mama mmoja wa Bukoba kwamba wanawe wawili wameacha kula pamoja tangu siku ya kura. Tumewaomba waje Muleba siku moja, mwezi ukipenda, wasaidie kubeba mawe ya darasa. Mmoja amekubali.

Na yule mzee wetu asiye na kadi, Jumamosi hii ana kikao barazani kwake kuhusu mpaka wa vibanja viwili. Mwenyekiti wa kitongoji, mwenye kadi na muhuri, amemwomba yeye ndiye akiongoze.