Mtaalamu Haondoi Shura

Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliukubali ushauri wa Salman al-Farisi, mzaliwa wa Uajemi, wa kuchimba handaki. Lakini waliolichimba ni Waislamu wenyewe, naye Mtume akiwa miongoni mwao.

Tunalikumbusha hili kwa kuwa halmashauri zetu huwaita wataalamu kuzipangia maendeleo. Utaalamu ni neema. Ila mpango usiowashirikisha wenye ardhi hubaki karatasi. Wilaya ya Kilosa yajua gharama ya ardhi isiyo na maelewano: Desemba 2000, watu 38 waliuawa Rudewa Mbuyuni katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Mikumi nako, vijiji vimepakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964. Ardhi haiongezeki, watu na mifugo huongezeka.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yataka mpango wa matumizi ya ardhi uidhinishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Basi tuhudhurie, mkulima na mfugaji, tuulize na tuseme haki. Shura ni amri ya Mola wetu. Anayeikimbia asije akalalamika mipaka ikishachorwa.

Wabillahi tawfiq.