UCHAMBUZI: Gari likilia Kakamega, mwenyewe hulipia kubahatisha

WIKI mbili au tatu baada ya kununua gari lililokwisha kutumika, wakazi wengi wa mji wa Kakamega na viunga vyake hujikuta katika shughuli moja: kuzunguka kutoka gereji hadi gereji wakitafuta chanzo cha mlio ambao hawakuusikia siku walipolijaribu gari hilo.

Mlio wenyewe huwa hauna jina. Mwenye gari atasema linalia 'ko-ko-ko' linapokata kona, au linanguruma kama ndege likishika kasi, au usukani unamtetemeka mikononi anapofunga breki akiteremka kutoka Kiboswa kuelekea Mamboleo. Fundi humsikiliza kwa dakika mbili, hutikisa gurudumu, kisha hutaja kipuri cha kununua. Kipuri hununuliwa, hufungwa, gari huendeshwa, na mlio hubaki pale pale.

Lawama huelekezwa pande nyingi. Wapo wanaosema Wajapani hutuuzia makopo. Wapo wanaolaani barabara, na wapo wanaodai kuwa mafundi wa jua kali hawajui kazi. Kila mojawapo ya lawama hizo ina chembe ya ukweli, lakini hakuna inayofika kwenye kiini. Kiini ni kwamba hakuna mtu anayelipwa kwa kazi ya kutafuta ugonjwa wa gari. Fundi hulipwa kwa kufunga kipuri, naye muuza vipuri hulipwa kwa kukiuza. Fundi anayetumia saa nzima chini ya gari na kugundua kwamba ni nati moja iliyolegea, ataikaza kwa dakika moja na kupewa pesa za chai. Mwenzake aliyekisia na kubadilisha shoki zote nne ataondoka na malipo ya siku nzima. Katika mpango kama huo, si ajabu kubahatisha kukawa ndiyo kazi yenyewe.

Magari yenyewe hayaingii nchini yakiwa mabovu kama inavyodhaniwa. Kiwango cha KS 1515 kilichowekwa mwaka 2000 hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililozidi umri wa miaka minane, na shirika la ubora wa bidhaa, KEBS, hutaka gari likaguliwe huko linakotoka kabla halijapakiwa melini. Huko Japani, gari la binafsi hukaguliwa na serikali baada ya miaka mitatu ya kwanza, kisha kila baada ya miaka miwili. Gharama ya ukaguzi huo ni miongoni mwa sababu zinazowafanya Wajapani wengi kuuza magari ambayo yangali na nguvu.

Tatizo huanza baadaye. Magari mengi yanayobadilisha mikono Kakamega hayatoki bandarini Mombasa moja kwa moja. Yamepitia kwa mwenye kwanza Nairobi, pengine kwa wa pili Eldoret au Kisumu, ndipo yakafika kwa mwalimu wa Lurambi au muuguzi wa Khayega. Ushuru wa forodha ulipopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mnamo Julai 2023, gari lililotoka melini lilizidi kuwa mbali na mshahara wa kawaida, na lile la mkono wa tatu likawa ndilo linaloweza kununulika.

Kwa muda mrefu Sheria ya Trafiki imekuwa ikitaka gari lililozidi miaka minne tangu liundwe likaguliwe. Hata hivyo, wanaojulikana kupanga foleni ya ukaguzi ni wenye matatu na malori. Gari la binafsi linaweza kuzunguka kwa miaka mingi bila jicho lolote la kitaalamu kuliangalia upande wa chini.

Na upande wa chini ndiko Kakamega inakoliumiza gari. Barabara kuu ya Kisumu-Kakamega-Webuye-Kitale ilikarabatiwa kwa fedha za Benki ya Dunia na ni afadhali kuliko ilivyokuwa. Lakini ukiiacha na kuingia Shinyalu, Ikolomani au vijia vya Butere, lami huisha mapema. Eneo hili hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Mashimo hujaa maji, dereva asijue kina chake mpaka gurudumu limekwisha kutumbukia. Kwenye lami nako kuna matuta, mengine yasiyo na alama wala rangi. Gari dogo lililoundwa kwa mitaa laini ya Osaka hupokea vishindo hivyo kupitia bushi za mpira, boljointi na vijiti vidogo vinavyounganisha mhimili wa kuzuia gari kulala upande. Hivyo ndivyo vinavyotangulia kuchakaa, na ndivyo vinavyogonga 'kwa-kwa' gari likipita tuta polepole. Wamiliki wengi huambiwa ni shoki. Shoki iliyokufa aghalabu huliacha gari likiruka-ruka baada ya tuta, na mara nyingi huvuja mafuta. Isipofanya lolote kati ya hayo, kuna haja ya kutazama kwingine kabla ya kuinunua mpya.

Anayetaka kuujua mlio hana budi kuuliza kwanza unafuata nini. Je, unaongezeka gari likiongeza kasi, au injini ikiongeza mzunguko? Haya ni mambo mawili tofauti. Gurudumu la gari la kawaida lina mzingo wa takriban mita mbili. Gari likienda kilomita 90 kwa saa, gurudumu huzunguka zaidi ya mara 12 kila sekunde, na uzito wa gramu chache tu uliokaa upande mmoja hutosha kuutikisa usukani. Mtetemo unaokuja kati ya kilomita 80 na 100 kwa saa, kisha ukapungua kasi ikizidi au ikishuka, karibu kila mara ni wa magurudumu yasiyo na mizani. Injini haina hatia hapo. Kwa upande mwingine, gari likitetemeka limesimama kwenye taa, gia ikiwa imeingizwa na breki imekanyagwa, kisha likatulia gia inapotolewa, vinavyoshukiwa ni vishikizo vya mpira vinavyoibeba injini, ambavyo mafundi huviita mauntini.

Msimu wa mvua kuna chanzo kingine ambacho hakigharimu chochote ila maji. Gari likitoka kwenye matope ya Shinyalu, udongo hujikusanya ndani ya rimu na kukauka upande mmoja. Kesho yake dereva akishika lami kuelekea Kisumu, gari linatikisika mpaka anahofia gurudumu litang'oka. Wapo waliobadilishiwa vipuri vya usukani kwa sababu ya donge la matope.

Mngurumo mzito unaopanda na kasi, usiojali injini, mara nyingi ni beringi ya gurudumu. Njia ya zamani ya kuipata ingali bora: dereva hupindisha usukani kidogo kulia na kushoto katika barabara tupu. Akielekea kulia, uzito hulalia magurudumu ya kushoto. Mngurumo ukizidi hapo, beringi ya kushoto ndiyo ya kwanza kushukiwa. Lakini tairi lililolika kwa mawimbi hunguruma vivyo hivyo, na hili limewapoteza hata mafundi wazoefu. Kuhamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele hutatua utata huo: mlio ukihama, tairi ndilo lenye kosa. Ni heri pia kusoma tarakimu nne zilizochapwa ubavuni mwa tairi. Zikiwa 2317, tairi liliundwa wiki ya 23 ya mwaka 2017, hata kama muuzaji amelipaka dawa likang'aa kama jipya.

Ule mlio wa 'ko-ko-ko' kwenye kona, hasa dereva akikanyaga mafuta huku usukani umepinda, hutoka kwenye maungio ya shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele. Maungio hayo hukaa ndani ya mfuko wa mpira uliojaa grisi. Mfuko ukipasuka, grisi hutoka na mchanga huingia. Ukigunduliwa mapema, kinachobadilishwa ni mfuko na grisi tu. Ukiachwa hadi uanze kulia, shafti nzima ndiyo inayonunuliwa.

Hapa kuna jambo ambalo wenye magari Kakamega wamejifanyia wenyewe. Toyota Fielder, Axio na Premio ziko chini mno kwa barabara za mashambani, kwa hivyo wengi huziinua kwa kutia vipande vya chuma au mpira juu ya springi, maarufu kama spesa. Gari huinuka na kuvuka mawe bila kukwaruza. Lakini shafti sasa hutoka kwenye giaboksi ikiwa imeinama kuliko ilivyokusudiwa. Mifuko ya mpira huchakaa upesi, na gari huanza kutetemeka linapopanda mlima au linapoongezewa mafuta ghafla. Mwenye gari anapolalamika kuhusu mtetemo huo, ni fundi mwaminifu tu atakayemwambia kwamba chanzo ni spesa alizolipia mwezi uliopita. Toyota Probox, ambayo katika vijiji vya magharibi imegeuzwa matatu na kupakia watu karibu maradufu ya viti vyake, ina mateso yake ya upande wa nyuma, ingawa wenye Probox husifika kwa kutojali mlio wowote ule.

Imani mpya sasa ni kompyuta. Gereji kadhaa za mji zina kifaa kinachochomekwa chini ya usukani na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa na gari. Kifaa hiki kina faida kubwa. Kitaonyesha silinda ambayo haichomi vizuri, na hivyo kueleza mtetemo wa injini unaotokana na plagi au koili. Lakini kompyuta ya gari hujua tu yale ambayo vihisi vyake vinaipasha. Bushi ya mpira haina kihisi. Boljointi pia haina. Mteja anayeambiwa kwamba 'mashine imeonyesha gari ni zima' huku linagonga kila likipita tuta, ameuliza swali mahali ambapo jibu lake halipo.

Kwa magari yenye giaboksi ya mkanda, CVT, yaliyojaa nchini tangu miaka ya 2000, upo mlio wa hatari zaidi. Giaboksi hiyo hutaka mafuta yake maalumu. Vitabu vya maelekezo vimeandikwa kwa Kijapani, na mara nyingi fundi humwaga mafuta ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki kwa kuwa ndiyo yaliyopo. Gari huendelea kwa muda, kisha huanza kuvuma na kutikisika linapoondoka. Linapofika hapo, kipuri kinachotafutwa ni giaboksi nzima.

Si kila mlio una uzito sawa. Bati la kuzuia joto juu ya ekzosi likilegea, hupiga kelele za kutisha bila kudhuru mtu. Boljointi inayokaribia kufa inaweza kulia kidogo tu, 'tik', usukani ukizungushwa gari limesimama. Ikiachana gari likiwa mwendoni, gurudumu hulala ubavu na dereva hana tena usukani. Katika miaka ya 2023 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walikufa kila mwaka katika barabara za Kenya, na ripoti za ajali hizi huzoea kuandika kwamba dereva alishindwa kulidhibiti gari. Sentensi hiyo haielezi kwa nini alishindwa.

Mnunuzi aliyeuziwa gari linalolia ana kinga haba kisheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, sharti la ubora humbana zaidi mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo kuliko mwalimu anayemuuzia mwalimu mwenzake. Tena aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ungepaswa kuifichua. Mikataba mingi inayoandikwa kwa mawakili huongeza kwamba gari linauzwa lilivyo na mahali lilipo. Baada ya sahihi, mlio ni mali ya mnunuzi.

Wauzaji wanalijua hilo. Injini huwashwa nusu saa kabla mnunuzi hajafika, ili mchakacho wa mnyororo wake asubuhi, injini ikiwa baridi, usisikike. Redio huachwa ikiimba. Safari ya majaribio hufanywa kwenye lami ya katikati ya mji, ambapo foleni haimruhusu mtu kufika kilomita 80 kwa saa. Mnunuzi anayesisitiza kuja saa kumi na mbili asubuhi, kugusa boneti kama ni baridi, kuzima redio na kulipeleka gari hadi Khayega na kurudi kwa njia ya vumbi, huonekana msumbufu.

Ujuzi haukosekani Kakamega. Taasisi ya Sigalagala, kando ya barabara ya Kisumu, na ile ya Shamberere hufundisha ufundi wa magari, na fundi aliyejifunzia chini ya mwembe anaweza kufanya mtihani wa daraja wa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA. Kinachokosekana ni bei. Gereji ambazo zingetoza ada ya uchunguzi peke yake, zikafanya safari ya majaribio pamoja na mwenye gari na kumwandikia walichokipata hata kama hatanunua kipuri chochote, zingepata upinzani mwanzoni, kwani wateja wamezoea kwamba kuangalia ni bure. Lakini mtu aliyekwisha kununua shoki nne, beringi mbili na vipuri vya usukani, na gari lake lingali linalia, tayari amelipa ada hiyo mara kadhaa. Wengi wao huchoka na kulipaka gari rangi, wakalitangaza kuwa 'safi, halina kazi', na mnunuzi mwingine huja kulijaribu mchana, injini ikiwa imekwisha kupata moto.