Utani Bila Mtani

Wapo waisifuo katuni ya South Park, iliyoanza 1997, kwa kuwa haibakizi dini. Wapo wailaanio kwa sababu iyo hiyo. Wote wameliacha swali kuu: nani anachekwa, naye ana zamu ya kujibu? Waundaji wake, Trey Parker na Matt Stone, mwaka 2011 walipandisha jukwaani New York The Book of Mormon: dini ya Kimarekani ikataniwa, Uganda ikavuliwa nguo. Mnadani Feri, mtani humrushia mtani wake neno chafu, akajibiwa papo hapo. Abunuwasi alimcheza shere Harun Rashidi, mwenye upanga. Kumcheka asiyekuwepo si ushujaa, ni kusengenya.