Kisukari Kipya Ukubwani na Saratani ya Kongosho: Uzito Unaopungua Usipuuzwe

Kila ifikapo Novemba, kalenda ya afya duniani hukutanisha magonjwa mawili ambayo kwa kawaida hutibiwa katika kliniki tofauti. Tarehe 14 ni Siku ya Kisukari Duniani, iliyochaguliwa kwa kuwa ndiyo siku aliyozaliwa Frederick Banting, daktari wa Kanada ambaye kwa kushirikiana na Charles Best aligundua insulini mwaka 1921. Alhamisi ya tatu ya mwezi huohuo ni siku ya kuelimisha umma kuhusu saratani ya kongosho. Magonjwa haya yanahusu kiungo kimoja, na uhusiano wake una mafunzo muhimu kwa nchi ambayo idadi ya wagonjwa wa kisukari inaendelea kuongezeka.

Kongosho ni tezi yenye urefu wa takriban sentimita 15, iliyolala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Lina kazi mbili. Kwanza, hutengeneza vimeng'enya vinavyomeng'enya chakula katika utumbo mwembamba. Pili, hutengeneza homoni, ikiwamo insulini, ambayo huiwezesha sukari kutoka katika damu na kuingia katika seli za mwili. Insulini ikipungua au mwili ukishindwa kuitumia ipasavyo, sukari hubaki katika damu na mtu hupata kisukari. Saratani nyingi za kongosho, kwa upande wake, huanzia katika seli za mirija inayopitisha vimeng'enya.

Kwa kuwa kongosho limejificha ndani, uvimbe unaoanza hauonekani wala haushikiki kwa mkono. Maumivu huchelewa, na yakija hufanana na ya vidonda vya tumbo au ya mgongo. Kwa sababu hiyo, wagonjwa wengi hugundulika wakati saratani imekwishasambaa, na ni takriban mmoja kati ya watano pekee ambaye bado anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuuondoa uvimbe. Takwimu za Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani za mwaka 2022 zinaonesha kuwa watu zaidi ya 510,000 duniani waligundulika na saratani hiyo, na zaidi ya 467,000 walifariki. Kukaribiana kwa idadi hizo mbili kunadhihirisha ukali wa ugonjwa wenyewe.

Nchini Tanzania, saratani ya kongosho haimo miongoni mwa saratani zinazoongoza. Saratani ya mlango wa kizazi, ya matiti, ya tezi dume na ya umio huonekana kwa wingi zaidi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa wapya wa saratani zote nchini kuwa zaidi ya 40,000, na vifo karibu 27,000. Hata hivyo, ugonjwa unaohitaji kipimo cha CT-Scan na uchunguzi wa kinyama ili kuthibitishwa ni rahisi kupita bila kuandikwa, hasa pale mgonjwa anapofariki nyumbani ikielezwa tu kwamba alikuwa na sukari, au kwamba tumbo lilimsumbua.

Kisukari, kwa upande mwingine, kimebadilika kutoka ugonjwa wa nadra na kuwa ugonjwa wa kila mtaa. Utafiti ulioongozwa na Profesa Donald McLarty katika vijiji vya Tanzania, uliochapishwa mwaka 1989, ulikuta chini ya asilimia 1 ya watu wazima wakiwa na kisukari. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Tafiti hizo mbili hazilingani kwa vigezo vyote, kwani ya kwanza ilihusu vijiji na ya pili nchi nzima, lakini mwelekeo hauna shaka.

Je, kisukari na saratani vinahusianaje? Mwaka 2010, Chama cha Kisukari cha Marekani na Chama cha Saratani cha nchi hiyo vilitoa tamko la pamoja baada ya kupitia ushahidi uliokuwapo. Tamko hilo lilieleza kuwa watu wenye kisukari, hususan cha aina ya pili, wana uwezekano wa takriban mara mbili au zaidi wa kupata saratani ya ini, ya kongosho na ya mji wa mimba. Kwa saratani ya utumbo mpana, ya matiti na ya kibofu cha mkojo ongezeko ni dogo zaidi, na kwa saratani ya tezi dume uwezekano ulionekana kupungua.

Sehemu ya uhusiano huo inatokana na visababishi vinavyochangiwa na magonjwa yote mawili: umri mkubwa, uzito uliozidi, kutofanya mazoezi, ulaji usiofaa, unywaji wa pombe na uvutaji wa sigara. Sehemu nyingine inatokana na kisukari chenyewe. Katika kisukari cha aina ya pili, kongosho hulazimika kwa miaka mingi kuzalisha insulini nyingi kupita kawaida ili kuushinda ukaidi wa mwili, na insulini ni homoni inayochochea pia ukuaji wa seli. Kongosho liko karibu kabisa na chanzo hicho, na ini hupokea damu inayotoka huko moja kwa moja. Aidha, mafuta yaliyorundikana tumboni hutoa kemikali zinazoziathiri seli kwa muda mrefu na kuongeza uwezekano wa seli hizo kubadilika.

Lakini kwa kongosho uhusiano huu una upande wa pili, ambao ndio wenye uzito mkubwa kwa mgonjwa. Mara nyingine kisukari ndicho tokeo, na saratani ndiyo chanzo. Uvimbe ambao bado mdogo unaweza kuvuruga utengenezaji wa insulini na namna mwili unavyoitumia, kiasi kwamba sukari hupanda miezi kadhaa, na pengine zaidi ya mwaka, kabla ya macho kuwa ya manjano au maumivu kuanza. Uchambuzi wa tafiti 36 uliochapishwa mwaka 2005 uliimarisha hoja hiyo: waliokuwa na kisukari kwa muda usiofikia miaka 4 walikuwa na uwezekano mkubwa wa saratani ya kongosho kwa takriban asilimia 50 kuliko waliokaa nacho miaka 5 au zaidi. Iwapo kisukari kingekuwa chanzo peke yake, ingetarajiwa hatari iongezeke kadiri miaka inavyosonga.

Mwaka huohuo, utafiti uliofanyika Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, ulitoa kipimo cha hatari hiyo. Watu 2,122 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waliopata kisukari kwa mara ya kwanza walifuatiliwa. Katika miaka 3, watu 18 miongoni mwao, sawa na asilimia 0.85, waligundulika na saratani ya kongosho. Kiwango hicho kilikuwa karibu mara 8 ya kilichotarajiwa kwa watu wa rika hilo.

Takwimu hiyo inapaswa kusomwa kwa pande zake zote. Mara 8 ni ongezeko kubwa, na linawataka watumishi wa afya kuwa macho. Lakini asilimia 0.85 maana yake ni kwamba katika kila watu 1,000 wenye umri huo wanaoambiwa kwa mara ya kwanza kuwa wana kisukari, zaidi ya 990 hawatakuwa na saratani hiyo katika miaka 3 inayofuata. Kumpeleka kila mmoja wao kwenye CT-Scan kungegharimu fedha nyingi, kungezijaza hospitali na kuwatia watu hofu bila sababu. Ndiyo maana wataalamu hawapendekezi upimaji wa jumla wa saratani ya kongosho kwa watu wasio na dalili.

Kinachohitajika ni chujio, na chujio lenyewe limo tayari katika kila kliniki: mizani. Kwa kawaida kisukari cha aina ya pili huandamana na kuongezeka kwa uzito katika miaka inayotangulia. Kinachosababishwa na saratani ya kongosho huja pamoja na uzito unaopungua. Mwongozo wa taasisi ya NICE nchini Uingereza unawaelekeza madaktari kufikiria CT-Scan ya haraka, ndani ya wiki 2, kwa mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi anayepungua uzito na ambaye pia ana kisukari kipya, maumivu ya tumbo au ya mgongo, kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo.

Kwa mazingira ya Tanzania, jambo hili lina ugumu wake. Kupungua uzito ni dalili inayojulikana ya kisukari kisichodhibitiwa, hivyo mgonjwa, ndugu na hata mtoa huduma hutosheka upesi na maelezo kwamba ni sukari. Vilevile, wagonjwa wengi wa kisukari barani Afrika si wanene tangu awali, kwa hiyo wembamba peke yake hauoneshi lolote. Linaloonesha ni mabadiliko. Mtu wa miaka 58 aliyekuwa na kilo 70 mwezi Januari na ana kilo 61 mwezi Julai, ilhali anatumia dawa vizuri na hajabadilisha chakula, anahitaji kuulizwa maswali zaidi. Mabadiliko hayo hayawezi kuonekana kama uzito haukuandikwa katika daftari la kliniki kila alipofika.

Kumuuliza maswali hayo hakumaanishi kuanza na saratani. Mtu mwenye kisukari ana uwezekano wa takriban mara 3 wa kuugua kifua kikuu ukilinganisha na asiyekuwa nacho, na kifua kikuu hupunguza uzito. Upimaji wa makohozi na wa Virusi vya UKIMWI unapatikana katika ngazi za chini za huduma na unapaswa kutangulia au kwenda sambamba. Majibu hayo yakiwa salama, sukari ikiwa imedhibitiwa na uzito ukiendelea kushuka, mgonjwa anastahili rufaa bila kusubiri macho yawe ya manjano.

Hatua hiyo sasa inawezekana zaidi kuliko miaka kumi iliyopita. Kupitia Shilingi trilioni 1.3 za mpango wa maendeleo kwa ustawi wa Taifa na mapambano dhidi ya UVIKO-19 zilizotolewa mwaka 2021, Serikali ilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa. Huduma za kibingwa za saratani, ambazo kwa muda mrefu zilitegemea Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, zinatolewa pia Bugando jijini Mwanza na KCMC mjini Moshi. Hata hivyo, mashine iliyoko mkoani haimsaidii mgonjwa ambaye zahanati haikuona sababu ya kumwandikia rufaa, wala asiye na uwezo wa kulipia kipimo. Hapo ndipo utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 unapogusa moja kwa moja suala hili, kwa kuwa ugonjwa huu humpa mgonjwa miezi michache tu ya kuchangisha nauli na gharama za vipimo.

Upo pia upotoshaji unaopaswa kuondolewa. Baadhi ya wagonjwa huogopa insulini kwa kuamini kuwa inaleta saratani. Jaribio kubwa la kitabibu lililohusisha watu zaidi ya 12,500 kwa takriban miaka 6, ambalo matokeo yake yalitolewa mwaka 2012, halikuona ongezeko la saratani kwa waliotumia insulini ya glajini ikilinganishwa na matibabu mengine. Kwa upande mwingine, wapo wanaovumisha kuwa vidonge vya metformini vinatibu saratani. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa wa saratani ya kongosho iliyosambaa hayakuonesha kuwa vinarefusha maisha. Kuacha insulini kwa hofu kunaweza kuua kwa siku chache; hatari hiyo ni ya hakika na iko karibu zaidi.

Kinga inabaki kuwa ileile inayopunguza magonjwa yote mawili. Mvutaji sigara ana uwezekano wa takriban mara mbili wa kupata saratani ya kongosho kuliko asiyevuta, na hatari hiyo hupungua akiacha. Kupunguza uzito uliozidi, kutembea kila siku, kula mboga na vyakula visivyokobolewa, kupunguza vinywaji vyenye sukari na kuepuka pombe ni hatua zisizohitaji mashine. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Magonjwa Yasiyoambukiza uliozinduliwa mwaka 2019 umejengwa juu ya msingi huo.

Kwa familia, ujumbe unaweza kuwekwa kwa ufupi. Mzazi aliyevuka miaka 50 ambaye ghafla ameambiwa ana kisukari, au ambaye sukari yake iliyokuwa imetulia kwa miaka mingi imevurugika bila sababu, huku nguo zikimpwaya, apelekwe hospitali na uzito wake wa zamani utajwe kwa daktari. Macho au ngozi kuwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, choo kupauka, ngozi kuwasha na maumivu ya tumbo la juu yanayopenya hadi mgongoni ni dalili zisizosubiri kliniki ya mwezi ujao.

Dalili ya mvua ni mawingu. Kwa wagonjwa walio wengi wa kisukari mawingu haya hayataleta mvua, na hawana sababu ya kuishi kwa hofu. Kwa wachache watakaokuwa na uvimbe, tofauti kati ya upasuaji unaowezekana na uliochelewa inaweza kutokana na namba mbili za uzito zilizoandikwa katika daftari moja, na mtoa huduma aliyezilinganisha.