Kugonga kwa Injini: Kunyamazisha Mlio Si Kuponya

Gari la petroli lililotumika miaka mingi, likijaa abiria na kupanda mlima kama ule wa Kitonga kuelekea Iringa, aghalabu hutoa mlio mkali, mfano wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo. Mafundi husema injini inagonga. Wenye magari wengi huuona mlio huo kuwa kero ya kuondolewa upesi. Makala haya yanashikilia kwamba mlio huo ni taarifa, kwamba hauna budi kueleweka kabla ya kunyamazishwa, na kwamba maarifa ya kuuelewa yanapatikana katika fizikia na kemia ya shule ya sekondari.

Katika injini ya petroli, pistoni hukandamiza mchanganyiko wa hewa na mvuke wa petroli, kisha plagi hutoa cheche. Moto huanzia penye plagi na kuenea kwa utaratibu hadi pembeni mwa silinda. Gesi ikikandamizwa hupata joto, kama anavyojua kila aliyejaza upepo wa baiskeli kwa pampu. Joto hilo likizidi, ile sehemu ya mchanganyiko ambayo moto haujaifikia hujiwasha yenyewe kwa ghafla. Mawimbi ya kanieneo yanayozuka hapo hupiga kuta za silinda, na huo ndio mlio unaosikika. Hali hiyo ikiendelea kwa nguvu, huweza kuvunja ringi na hata kutoboa pistoni.

Sababu mojawapo ni ukoko wa kaboni unaoganda juu ya pistoni na ndani ya kichwa cha silinda. Chukua mfano wa silinda yenye kipenyo cha milimita 80, ambayo pistoni yake husafiri milimita 80. Ujazo unaofagiliwa na pistoni ni karibu sentimita za ujazo 400. Ikiwa nafasi inayobaki juu ya pistoni ikifika kileleni ni sentimita za ujazo 50, uwiano wa mkandamizo ni 450 kwa 50, yaani 9. Eneo la juu ya pistoni pamoja na lile la kichwa cha silinda ni kama sentimita za mraba 100. Ukoko wenye unene wa nusu milimita tu katika eneo hilo huchukua sentimita za ujazo 5. Nafasi hupungua kuwa 45, na uwiano huwa 445 kwa 45, yaani karibu 9.9. Injini iliyoundwa kwa mkandamizo mmoja imejikuta ikifanya kazi kwa mwingine. Zaidi ya hayo, ukoko haupitishi joto vizuri. Hulihifadhi na kulirudishia mchanganyiko mpya unaoingia.

Yafaa kuuliza ukoko huo unatoka wapi. Mara nyingi hutokana na oili inayopenya kwenye ringi au valvu zilizochakaa, au petroli inayoingia kwa wingi kupita kiasi, au safari fupi fupi ambazo haziipi injini nafasi ya kupata joto lake la kawaida. Kwa hiyo hata ukoko wenyewe ni dalili ya jambo jingine.

Mazoea ya wengi ni kukimbilia petroli yenye okteni kubwa zaidi, au kuchelewesha cheche ya plagi. Njia zote mbili hupunguza mlio. Lakini petroli ya okteni kubwa haina nguvu zaidi. Sifa yake ni kustahimili mkandamizo bila kujiwasha. Kipimo chake kimejengwa juu ya vimiminika viwili: isookteni iliyopewa 100, na heptani ya kawaida iliyopewa 0. Kuchelewesha cheche nako huipunguzia injini nguvu na kuongeza matumizi ya petroli. Magari mengi ya kisasa yana kifaa kinachohisi kugonga na kompyuta inayochelewesha cheche yenyewe, hata dereva asisikie kitu. Kifaa hicho huilinda injini, lakini ukoko unabaki palepale na gharama inaendelea kimya kimya.

Historia ina somo kubwa zaidi juu ya jambo hili. Mnamo Desemba 1921, Thomas Midgley na wenzake katika maabara ya General Motors huko Dayton, Marekani, waligundua kwamba tone la tetraethili ya risasi katika petroli huzuia kugonga. Petroli hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1923. Mwaka 1924 wafanyakazi watano walikufa kwa sumu ya risasi katika kiwanda kimoja cha New Jersey, lakini biashara iliendelea. Kwa miongo mingi risasi ilitoka katika mabomba ya moshi na kuingia katika damu ya watu, ikidhuru hasa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliazimia huko Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiondoa. Algeria, nchi ya mwisho duniani kuiuzia magari, iliacha mwaka 2021. Karne nzima ilipita tangu mlio uliponyamazishwa kwa mara ya kwanza. Wahenga walinena: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Iko pia sababu nyingine isiyohusu ukoko wala uchakavu, nayo ni udanganyifu. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana, na yakichanganywa na petroli huifanya injini nzima kugonga. Kenya ilianza mwaka 2018 kutoza shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia uchakachuaji huo. Mwenye gari aliyeuziwa petroli ya namna hiyo akikwangua kaboni, atapoteza fedha bure.

Kwa hiyo utaratibu wa busara ni huu. Kwanza, ihakikishwe kwamba petroli ni safi na ya okteni iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Pili, ukaguliwe wakati wa cheche, aina ya plagi, na maji ya kupoza injini. Tatu, upimwe mkandamizo wa kila silinda kwa geji. Kipimo kikizidi kile cha mtengenezaji, ukoko ni mshukiwa wa kwanza. Kikipungua, ringi au valvu zitazamwe. Hapo ndipo kichwa cha silinda kifunguliwe na ukoko ukwanguliwe kwa kijiti cha mti, kisichochubua chuma. Desturi ya kumwaga maji katika mdomo wa kabureta ili kuondoa kaboni ni ya hatari, kwa kuwa maji hayakandamiziki, na yakizidi hupinda konrodi.

Wapo watakaosema kwamba mwananchi wa kipato kidogo hana fedha za kuifungua injini. Hoja hiyo ina uzito, na ni kweli pia kwamba ukoko kidogo ni wa kawaida, wala si kila mlio unaodai matengenezo makubwa. Lakini ndiyo sababu vipimo vitangulie. Kupima kwa geji ni kazi ya muda mfupi. Petroli ya bei ya juu hununuliwa kila wiki.

Hapa mwalimu ana nafasi yake. Pistoni kuukuu yenye ukoko yaweza kuombwa katika gereji yoyote. Wanafunzi waipime kipenyo, wakadirie unene wa ukoko, wakokotoe uwiano wa mkandamizo, kisha waandike mlinganyo wa kuungua kwa okteni. Kijana aliyefanya hivyo, siku atakapokuwa fundi, dereva au mtunga sheria, atauliza kwanza injini inagonga kwa nini.